Bidoni Nilizozifungua Sokoni

Mimi ni binti wa Paluku na Kahindo. Nilizaliwa Masereka, mashariki mwa Kongo, penye mashamba ya viazi, na sikuingia shule hata siku moja. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu, nami nimemkataza kuyapamba.

Wamama wa kikundi chetu cha kusaidiana, mliniomba niseme, basi nisikilizeni. Kwa miaka mingi nilifanya biashara na mwanamke wa Beni, Mwislamu, mdogo wangu kwa umri. Tuliianzisha sisi wawili tu. Mimi nilimtumia viazi na maharagwe kutoka Butembo, ninakoishi, yeye alinitumia mafuta ya mawese katika bidoni, yale madumu ya plastiki. Hakuna kati yetu aliyejua kuandika. Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja: kila mmoja hufunga mzigo wake kwa mkono wake, na anayeupokea hauchunguzi, huuuza ulivyofungwa. Kwetu sisi, kufungua mzigo wa mwenzako mbele ya watu ni kumwita mwizi bila kutamka neno.

Siku moja mteja alirudisha bidoni. Chini ya mafuta kulikuwa na maji. Wauzaji wenzangu walicheka.

"Ni ule ndugu yako wa Beni? Leo anakuuzisha mvua."

Ndugu zangu, nawaambia, ningeweza kunyamaza hadi nimpigie simu. Sikunyamaza. Nilizifungua zote tisa zilizobaki, pale pale, nikitumbukiza kijiti katika kila moja kutafuta maji, huku watu wakiniangalia. Zote zilikuwa safi.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Beni. Mwenzangu hakunipigia. Mzigo haukuja tena.

Wiki ile ile dereva aliyetubebea mizigo alikuja kukiri: kifuniko cha bidoni moja kililegea njiani, mafuta yakamwagika, naye akajazia maji. Nikajua. Na bado sikupiga simu. Nilijiambia kwamba mimi ni mkubwa, yeye ndiye aanze.

Mwaka ukapita. Niliketi mbele ya meza yangu, nikauza kidogo. Watu walidhani nina huzuni. Huzuni ningeitambua. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini hausikii kitu. Hata nilipoambiwa kwamba vita vimemkimbiza kutoka Beni, na sasa anaishi kwa jamaa zake hapa hapa Butembo, nilisema, "Sawa," nikaendelea kupanga viazi.

Ni ninyi mliokuja kunikalia nyumbani. Mmoja wenu aliniambia, "Mama, hatutoke hapa mupaka uvae viatu." Nilivaa.

Nilimkuta kwa jamaa zake, anachambua maharagwe. Hakuinuka, ila aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya, umekawia."

"Nimekuya kuomba musamaha."

"Hapa? Hapa nani anasikia, kuku? Ulinifungula mu soko. Kesho uniombe mu soko."

"Mimi, na huu uzee?"

"Bidoni ulifungula na uzee ule ule."

Asubuhi nilisimama mbele ya wauzaji wale wale nikasema kwamba mwanamke huyu hakuniibia. Kwamba mimi nilimwaibisha, na nilipojua ukweli nilikaa nao mwaka mzima. Hakuna aliyecheka. Sikusikia aibu, wala sikusikia nafuu. Yeye alivuta kigoda, akaketi upande wangu, akaanza kuwaita wateja. Hadi leo anaketi hapo.

Nawashukuru ninyi mliokataa kutoka nyumbani kwangu. Wengine watawaambia kwamba ukiomba msamaha moyo unakuwa mwepesi siku hiyo hiyo. Wangu bado. Lakini tunauza pamoja, na ugomvi mdogo mdogo umerudi, ule wa watu wanaojuana. Mwenye kosa asingoje moyo umsukume. Aende tu.

Na wewe, mjukuu wangu, karatasi hii uitunze. Jina lake usiliweke, maana hajaniruhusu. Majina ya wazazi wangu yaache, waone ni nani aliyezifungua. Na pale ulipoandika mara ya kwanza kwamba niliogopa kumpigia simu, futa. Sikuogopa. Nilijivuna. Andika hivyo, kisha unisomee.