Mjomba Pima na Kompyuta Kumi Zilizorudishwa Dukani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mjomba Pima anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili ya kutuchagulia kompyuta hapa kwenye kampuni yetu ya matangazo ya video. Jina hilo alipewa na wahariri wa video, maana hanunui kitu kabla ya kukipima.

Kupima kwake si kusoma karatasi ya dukani. Huwaomba wahariri kazi yao nzito kuliko zote, ile yenye picha zilizopandana tabaka juu ya tabaka, akaenda kuiendesha kwenye mashine ya muuzaji. Husimama hapo kiganja kikiwa juu ya boksi, akisikiliza feni kama daktari wa kifua. Kuna muuzaji ambaye akimwona tu huagiza kiti, kwani anajua asubuhi imekwisha.

Sisi wapakuzi wa stoo, wabeba maboksi, tulimnung'unikia sana. Tumepandisha maboksi ghorofa tatu, yeye anapima tena kila mashine, na akisikia feni inakohoa, anasema boksi lishuke. Nasema kweli, siku nyingine nilitamani astaafu mapema.

Mpaka mwaka ule wa tangazo kubwa. Mjomba akiwa likizo, meneja alinunua kompyuta kumi zinazowaka taa za rangi. Mteja alitaka kazi yake Jumatatu. Ikichelewa angetuhama, na wapakuzi tungekuwa wa kwanza kufungasha virago. Mjomba akarudi Jumatano, akaijaribu moja. Dakika ya tatu ikaganda. Kadi ya picha ilikuwa na nguvu, lakini memori kiduchu. Akasema zirudi zote, zije tano zenye memori mara nne.

Meneja akafoka: je, vijana wakaliane mapajani? Mjomba akamjibu taratibu kwamba heri watano walioshiba kuliko kumi wanaolamba sahani.

Tukashusha kumi, tukapandisha tano, migongo ikalia. Wahariri wakapokezana zamu, na Jumapili adhuhuri kazi ikatoka nzima. Meneja mwenyewe alishuka stoo kutuambia, huku anacheka. Mteja yule tunaye hadi leo.

Mjomba, asante. Wanangu wako mbali na hawakujui kwa sura, lakini mwaka ule hawakufukuzwa shule kwa kukosa karo, kwa sababu wewe ulizikataa zile kumi. Sisi tunaobaki tunakuombea afya, usingizi mzito, na nyumba isiyokosa watu.