Bwana Tone na Bahasha Iliyofichwa Drooni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, fundi wetu wa maabara anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupima damu katika hospitali hii. Nasema kamili kwa sababu namjua. Dakika moja kabla bado atakuwa ameinamia kichupa, na atakayemgusa bega atakiona cha moto.

Sisi humwita Bwana Tone, maana anaweza kugombana na mtu nusu saa nzima kwa ajili ya tone moja la damu. Kazi yake kubwa imekuwa wagonjwa wa homa ya ini. Huangalia kama virusi vimo, kisha huwatafuta askari wa mwili, wale ambao wasomi wanawaita kingamwili, aone kama walipigana au walilala. Mimi nasafisha sakafu ya maabara hiyo, na darasa sikuliona hata kupitia dirishani. Herufi nilizijulia kwenye vibandiko vya vichupa vyake, na kila nikikosea alinirudisha mwanzo bila huruma. Kwa hiyo humu mkikuta makosa, mlaumuni yeye.

Kasoro anazo, tena za kutosha. Bakuli lake la chakula hulibandika jina, tarehe na saa kama sampuli, na mkewe anasema hata kopo la chumvi nyumbani halijasalimika. Siku ya harusi ya binti yake majibu ya mgonjwa mmoja yalimtia shaka, akarudia kupima. Alifika wakati watu wanapiga picha, glavu moja inachungulia mfukoni.

Lakini mwaka tuliopimwa wafanyakazi wote homa ya ini, shaka yake hiyo ilimwokoa mtu. Kila mmoja alipewa majibu kwenye bahasha iliyofungwa, ofisi zikitangulia na jikoni mwisho. Mpishi wetu, mjane mwenye watoto watatu, aliifungua yake palepale jikoni, akaona alama mbili za kujumlisha, akapiga yowe. Mkuu wa utawala akaichungulia karatasi, akamkataza kugusa sufuria, akamwambia mwisho wa mwezi aondoke. Sote tukaamini. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikitenga kikombe chake.

Bwana Tone alishuka jikoni na koti lake, akaisoma karatasi mara mbili.

"Bosi, umeisoma kwa macho au kwa woga?" akauliza. "Mstari wa virusi huu hapa, hauna kitu. Hizi alama mbili ni za askari. Dada yetu aliugua zamani bila kujua, askari wake wakashinda, na mpaka leo wako langoni. Unamfukuza mtu kwa kushinda vita?"

Mkuu akasema yeye hataki kubahatisha na chakula cha wagonjwa.

"Hata angekuwa navyo, hivi alivyopimwa hupita kwenye damu, havirukii mchuzi!" Hapo akachota kijiko kutoka sufuria ya mpishi, akala, akaongeza kingine. "Haya, kafungue bahasha yako kwanza, ndipo urudi kumfukuza huyu."

Jiko zima likageuka. Kumbe bahasha ya mkuu ilikuwa na wiki tatu drooni, chini ya mashine ya kutoboa karatasi ambayo Bwana Tone huja kuiazima, na mkuu mwenyewe anaiogopa! Bwana Tone hakusema kilichomo. Siri ya damu ya mtu hajawahi kuitoa, na mimi nimemchokoza miaka yote hii. Baada ya saa moja mkuu alirudi mpole kama aliyemwagiwa maji, akamwomba mpishi chai, akanywa, akaomba ya pili. Alama mbili, mistari ileile ya mpishi. Naandika kwa sababu siku hizi anaisimulia mwenyewe kila mkutano. Asingeisimulia, ningekufa nayo. Au ningejaribu.

Tangu siku hiyo Bwana Tone alidai karatasi ya majibu ibadilishwe. Sasa virusi vina upande wao na askari wana wao, na chini pana maelezo hata mimi nayaelewa. Na mwenzetu mmoja ambaye mstari wake wa virusi ulikuwa na alama, Bwana Tone alimshika mkono akampeleka kwa daktari mwenyewe, asije akatorokea getini.

Asante, mzee mwenzangu, kwa macho yako makali na mdomo wako mkali zaidi. Uzee wako uwe na usingizi mzuri, miguu isiyouma, na mke asiyechoka kubandua vibandiko. Mpishi bado yuko kwenye jiko lake, na wanawe watatu wamekula jasho lake mpaka wakaota ndevu. Nilipomuuliza niandike nini kwa niaba yake, hakuacha hata kukoroga. Akasema: "Mwambie kaka yangu kustaafu ni huko maabara. Huku jikoni sijamruhusu."