Bibi Hidaya wa Lukwele, Mahali Mnapopaita Kwa Kibwana

Ndugu waombolezaji, marehemu bibi yetu Hidaya alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Lukwele, chini ya milima ya Uluguru, ambacho leo ni mtaa wa mji wa Morogoro na mnakiita Kwa Kibwana, jina ambalo marehemu hakulitamka maisha yake yote, na familia imeniagiza nieleze sababu.

Ardhi ya Lukwele ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, chini ya mama yake, Mwaisha, na mjomba wake, Dadi, ilhali baba yake, Kibwana, alikuwa mume tu aliyetoka Mlali, akilima kwa ruhusa ya wakwe. Juni 1906 Mjerumani mpima reli alifika pamoja na akida, msimamizi wa serikali, akauliza mwenye mahali ni nani, akakataa kusikia jina la mwanamke, na kwa kuwa Dadi alikuwa amekamatwa kubeba mizigo, Kibwana alijibu kwamba ni yeye, akaweka dole gumba kwenye hati ya kuitoa ardhi, na mahali pakaandikwa kwa jina lake. Machi 1907 nyumba zilivunjwa, na makaburi ya bibi zetu yakasawazishwa yawe uwanja wa kuwekea mataruma ya reli.

Mwaisha alimwambia mumewe mbele ya watu, "Baba Hidaya, hapa ulikuja na jembe na mkeka, ardhi ya kugawa uliitoa wapi?"

"Walitaka mwanamume, mama Hidaya. Ningesemaje?"

"Ungesema wewe ni mgeni."

Marehemu alisoma chuo cha Kurani, kwani shule ya serikali haikuwa ya wasichana, na mwaka 1912 aliolewa na Ahmadi Mosi, wakajaliwa Hatibu na Furaha, ambaye ni mama yangu, hadi Agosti 1916 Wajerumani walipomchukua Ahmadi kubeba mizigo ya vita, hakurudi, wala hatukuambiwa alikozikwa. Tangu hapo marehemu alilea watoto kwa kulima mashamba ya kukodi, yeye aliyezaliwa kwenye ardhi ya mama yake.

Aliugua kifua kuanzia Novemba 1977, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 1978, akiwa ameomba jambo moja tu, azikwe Lukwele walipo bibi zake. Tulikwenda kuomba kwa wakuu wa mji, tukajibiwa kwamba pale ni yadi ya magari, na kwamba Lukwele haijapata kuwapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wakulima wenzake waliochimba kaburi hili. Waliotupa jibu lile hatuwashukuru.

Lala salama, bibi, ingawa tumekulaza ugenini.