Gharibu Sadala na Saa ya Kivuli ya Mbuchi

Assalaam aleikum. Mimi ni Abdulatifu, mdogo wake marehemu, nitawasomea wasifu wake.

Kaka yetu Gharibu Sadala alizaliwa hapa Mbuchi tarehe 4 Juni 1966, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, akajifunza uashi Kibiti, na tarehe 9 Agosti 1991 akamuoa shemeji yetu Mwamini, wakajaaliwa Warda na Nurdini.

Mwaka 2019 aliijenga ile saa kubwa ya kivuli pale sokoni, sakafu ya saruji yenye mistari ya saa, na juu yake bomba refu la chuma lililoinuka kidogo upande wa kusini, kivuli cha bomba kikigusa mstari wa saa sita jua liko katikati, na mlipomcheka kwamba saa yake iko nyuma ya simu zenu, alijibu kuwa simu ina saa ya nchi nzima, kivuli kina saa ya Mbuchi. Mbishi huyo, jamani, hata mama alimshindwa.

Tarehe 17 Februari 2025 alipata kiharusi, akalazwa Kibiti, asiweze tena kusema. Akiwa wodini, mafundi wenzake wakataka kumfurahisha, wakaikarabati saa yake, wakaweka pima maji juu ya bomba, wakaliona limekwenda upande, wakalilaza sawasawa, maana fundi mwashi akiona kitu kimeinama mkono unamwasha, kumbe mwinamo ule, ambao kipimo chake alikijua yeye peke yake, ndio uliokuwa ukiipa saa ukweli wake.

Tulipomrudisha tukambeba kwa kiti hadi sokoni, akaliona bomba, akalia. Alitaka jambo moja tu, lirudishwe alivyoliweka yeye, basi tukainua, akatikisa kichwa, tukashusha, akatikisa kichwa, Mwamini anamfuta machozi, na sisi wanaume wazima tumesimama na nyundo hatujui la kufanya, wallahi, na kesho yake akaonyesha kwa mkono kwamba tumpeleke tena. Alifariki nyumbani tarehe 6 Mei 2025, na bomba bado halijakaa alivyotaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba, na nyinyi mafundi wenzake, hatuwalaumu, mlifanya kwa mapenzi. Ombi la familia ni hili, mkipita sokoni msiifuate ile saa kwa swala wala kwa safari, inadanganya, na hakuna aliyebaki wa kuirekebisha.

Mola akupumzishe kwa amani, kaka. Tulijaribu, hatukuweza.