Pindo la Gauni la Ida: Maisha ya Ottilia Ignatio Kinunda (1954–1997)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Othmar, kitindamimba wa mzee Ignatio, nimepewa kumsemea dada yangu, ambaye akiwa hai hakuhitaji wa kumsemea.

Ottilia alizaliwa kwetu milimani, Kigonsera, tarehe 14 Mei 1954, mtoto wa kwanza wa mzee Ignatio Kinunda na mama Hedwiga. Baba alikuwa na mikono mikubwa kuliko wote kijijini, nasi tulijivunia. Mtoto akizaliwa, mashangazi walimfungua viganja kabla hata ya kuuliza ni wa kike au wa kiume. Baba alifariki ghafla akichimba ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha milimani, hajafika miaka hamsini.

Marehemu alimaliza darasa la saba kulekule mwaka 1968, akafundishwa ushonaji na Masista. Ukimpelekea kitambaa cha gauni ukataka na kilemba kitoke humo, alikujibu, "Kilemba umekiacha dukani, mama."

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Zabron, Mwanglikana wa hapa Ngumbo, kando ya ziwa. Milimani walinuna, ziwani walinuna, wao wakaoana. Walijaliwa Stephano na Ida.

Kuanzia mwaka 1987 subana ya kushonea ilikataa kidole. Pete ya ndoa ilikatwa na fundi baiskeli. Viatu vya duka la ushirika havikumwenea, hadi soko huria lilipotuletea mitumba akapata vya kiume. Kwenye kwaya sauti ilishuka mpaka mwalimu William akamhamishia sauti ya nne, naye akawaambia wanaume, "Sogeeni, shemeji zangu, nimehamia." Tulicheka sana. Baadaye kichwa kikawa kinamuuma, macho yakaacha kuona pembeni. Aliowapita bila salamu walisema ana maringo.

Ndipo maneno yakaanza. Kwetu walisema amelishwa kitu ziwani. Ziwani walisema ni dawa tunazopulizia kahawa. Shemeji Zabron aliitwa mchawi mbele ya wanawe.

Mwaka jana ndipo tulipomfikisha hospitali, na daktari akatuita mimi na Zabron. Alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Ya dada imeota uvimbe, na ndio unaomkuza. Nikamuuliza: ni samaki? Ni dawa ya kahawa? Ni mtu?

"Ndugu yangu, kwa wengi hatujui chanzo. Hakuna chakula kinachojulikana kuuleta, wala hauambukizi. Ila mara chache unatembea kwenye ukoo. Kwenu kuna mwingine mwenye mikono hii?"

Nikamkumbuka baba. Ee Mungu, kumbe ndicho tulichokuwa tukikisifu! Zabron wa watu hakuhusika hata kidogo.

Upasuaji ulishachelewa, moyo nao ulikuwa umepanuka. Pasaka iliyopita, akishona kwa kupapasa, dada alimshonea Ida gauni, akaacha pindo la vidole vinne. Akaniambia, "Othmar, mtoto ana miaka kumi na minne, lazima atarefuka. Lakini pindo hili likiisha kabla ya Krismasi, msinitafutie mganga. Mpelekeni hospitali. Msisubiri kama mimi." Nikamwahidi. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, hapa Ngumbo, mkono wake mkononi mwa Zabron.

Sasa nasikia wazee wa pande mbili, ambao hawajawahi kuafikiana jambo, wameafikiana Ida apelekwe kwa mganga baada ya matanga. Wazee wangu, shikamooni, mniwie radhi. Mtoto ameketi pale karibu na jeneza, amevaa gauni lile. Litazameni chini: pindo limefumuliwa lote, na bado linamwacha magoti wazi. Huu ni Agosti.

Keshokutwa mimi na baba yake tunapanda naye gari kwenda hospitali. Na ninyi wa ukoo wetu ambao viatu vinawakataa ukubwani, nafasi ipo.

Marehemu ameacha mama yetu Hedwiga, mume wake Zabron, watoto wawili, na sisi wadogo zake watatu.

Dada, pumzika. Mtoto tunaye.