Mwangangi na Ndege wa Mbao

Baada ya miaka thelathini ya kuulinda msitu wetu wa Kyamuthei, milimani Mbooni, Bwana Mwangangi Ndululu anastaafu tarehe 30 Juni 1994. Bunduki hakuwahi kupewa. Alipewa panga, filimbi na koti la mvua linalomfika vifundoni, na bado wachoma makaa walimwogopa kuliko chui.

Penzi lake kazini lilikuwa chozi, yule ndege mdogo wa kufyonza maua, kichwa kijani kinachong'aa, kifua chekundu, anayeimba kana kwamba msitu ni wa babake. Mwangangi alimsifu mno, hata mkewe Kalondu akalalamika kwamba yeye hakusifiwa hivyo hata siku ya harusi.

Mwaka 1978 wakubwa waliamua msitu ufyekwe, ipandwe mikaratusi. Chemchemi yetu ingekauka, na tungechota maji wapi? Wageni wataalamu wa ndege walikubali kututetea, mradi wamwone chozi kwa macho yao. Walikuwa na siku moja tu, tena ya Julai, ukungu umetanda, na chozi hakuwa ameonekana wiki nzima.

Mwangangi, mzee wa kanisa asiyedanganya hata umri wake, alimkimbilia shemeji yake Musembi, mchonga vinyago, amchongee chozi wa mbao. Ole wetu! Musembi alizoea vifaru vya kuuzia watalii. Alitoa chozi mnene kama njiwa, akampaka rangi ya kijani ya lango la kituo chetu cha msitu na ile nyekundu ya ndoo za kuzimia moto, wakamfunga tawini.

Wageni walimtazama kwa darubini, wakanong'ona kwa furaha. Ghafla chozi halisi akatokea. Alikuwa ameona mpinzani kwenye mti wake, naye kwa wivu hajali ukubwa wa mtu. Akamdonoa kichwa, mgongo na macho. Mgeni mmoja akauliza mbona yule mnene hajitetei. Mwangangi hakupepesa jicho: "Huyo ameokoka, hawezi pigana."

Picha zikapigwa, msitu ukaachwa. Jumapili Mwangangi alisimama kanisani kutubu, na waumini, waliokuwa wamechota maji asubuhi hiyo hiyo, wakamsamehe kabla hajamaliza.

Ndege wa mbao amekaa juu ya kabati la ofisi tangu siku hiyo, rangi imembanduka kichwani. Leo tunamkabidhi Mwangangi aende naye nyumbani Matinyani. Asante, mzee wetu. Tutakukosa sana, na kila mtungi unaojaa hapa utakukumbuka. Mungu akupe uzee wa raha na miaka mingi. Ila huyo ndege mtundike ndani ya nyumba: bado hajajifunza kupigana.