Birika la Mama Seline na Kompyuta ya Darasa la Sita

Mniwie radhi mapema, maana kisa hiki kitasimuliwa vibaya: kitapinda, kitamwagika, na breki hakina. Kilitokea Kisumu mwaka wa sabini na nne, kwenye benchi la mataruma ya reli karibu na gati, mbele ya jiko la Mama Seline muuza kahawa. Wabwire, fundi wa injini za meli aliyeitwa Spana na mji mzima, alikuwa ameweka gotini barua aliyoiandika mwenyewe. Saa nane mchana kamati ya wazazi ingekutana, naye ndiye mwenyekiti. Barua ilisema Mwalimu Nasipwondi aache kufundisha darasa la sita mambo ya kompyuta. Shule yenyewe haikuwa na kompyuta hata moja, na binti wa Spana, Nabututu, alilipenda somo hilo kuliko ugali.

— Kufundisha kompyuta bila kompyuta, akasema Spana, si ni kama kufundisha kuogelea kwa posta?

— Omera, ndugu yangu, mimi nimeona na macho yangu! Huyo alikuwa Gordon, mchuuzi wa samaki wa Asembo Bay, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. — Kila mtoto amekata kadi ya boksi, ametoboa mashimo pembeni; kama kwao kuna mbuzi, shimo la mbuzi amelipasua mpaka ukingoni. Mwalimu anauliza, nani kwao kuna mbuzi? Mtoto anapitisha sindano ya kufuma, anatikisa hivi, kadi za wenye mbuzi zinaanguka zenyewe! Miaka ishirini natikisa kikapu, sijaona samaki ngege akijitenga na kamongo.

— Hiyo ni sayansi, akasema Amolo, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kupaka rangi madarasa kule Maseno. — Kompyuta ya Nairobi ni kubwa kama ghala la pamba. Ndani wanakaa makarani arobaini, wote wembamba.

— Wanapumua aje? Redio akauliza.

— Sasa unafikiri mashimo ya kadi ni ya nini?

— Mano adier, kweli kabisa! Ndiyo wahenga walisema, mgema akisifiwa, haba na haba.

— Ngoja mwaka wa themanini, Profesa akapanda juu zaidi. — Watoto hawa wataendesha treni mpaka Nakuru kwa sindano ya kufuma. Meli itajifunga gatini yenyewe. Fundi wa injini atabaki nyumbani kubembeleza kuku.

Benchi likacheka. Spana hakucheka. Hapo ndipo palipomuuma: aliiogopa siku ambayo binti yake angejua jambo ambalo baba hawezi kumfundisha.

Mara Mwalimu Nasipwondi akatokea na Nabututu, wakielekea mkutanoni.

— Bwana Chairman, habari ya mchana.

— Mwalimu, kabla hatujafika huko, nionyeshe hapa hapa. Faida moja tu.

— Sawa. Nabututu atakuwa kompyuta. Hafikiri, hakisii. Anatii agizo tu. Mpe.

Spana akasimama, akaiacha barua benchini kando ya kikombe chake, akavuta suruali juu kama nahodha.

— Rahisi! Nabu, chukua birika. Mimina kahawa kwenye kikombe cha baba.

Nabututu akamimina. Kikombe kikajaa. Akamimina. Sahani ikajaa. Akamimina. Kahawa ikashuka benchini, ikaifuata barua.

— Nabu! Unamwaga!

Msichana hakupepesa jicho.

— We mtoto umerogwa?

— Hilo ni swali, Bwana Chairman, akasema mwalimu. — Si agizo.

Redio akainua miguu yote miwili. Profesa akateleza chini ya benchi na kikombe chake, akakinga. Tone la mwisho likadondoka, na Nabututu bado ameliinamisha birika, mkono haujatikisika.

— Ulimwambia asimame lini? mwalimu akauliza.

Hata Redio alizimika.

Spana aliitazama barua. Wino ulikuwa umegeuka uji.

— Nabu, akasema taratibu. — Acha kumimina. Weka birika chini. Halafu rudi kuwa mtoto wangu.

Akaacha. Akaweka. Akaangua kicheko.

— Miaka kumi na sita nafungua injini, Spana akasema, macho yamelowa, — sijaona mashine inanisikiliza namna hii. Mwalimu, twende. Somo linaendelea, na darasa la tano nalo liingie.

— Na kahawa imeisha! Redio akalia. — Tumlaumu nani, kompyuta?

— Kompyuta ni nzima, omera. Spana akajigonga kipaji cha uso. — Mbovu ni hii iliyotoa agizo. Ya mwaka wa thelathini na moja, na haijawahi kufanyiwa sevisi.